Kilio ni kimoja, kinacholiliwa ni kingine

Jioni moja ya mwezi wa pili, umeme ukiwa umekatika, mwanangu wa miaka 3 alijitupa sakafuni kwa sababu chapati yake ilikuwa imekatwa. Dada wa nyumbani aliikata vipande vinne kama anavyomkatia siku zote, ila siku hiyo mtoto aliitaka nzima. Akaletewa nzima nyingine, akaitupa. Aliitaka ile ile, irudi ilivyokuwa. Akagaragara, akagonga kichwa mlangoni, akamng'ata dada mkono. Tunaishi Tabata, Dar es Salaam, nyumba ya kupanga, familia nne ua mmoja, na kwetu hakuna kilio cha siri. Mama mwenye nyumba akaniita kwa upole kutoka barazani: "Mwanangu, mpe anachotaka, watu wamechoka." Jirani wa chumba cha pili naye akasema lake: "Huyo ni wa kuchapwa mara mbili tu, ataacha."

Nikafanya yote mawili. Nilimchapa kofi la paja, akapaza sauti zaidi, nikampa simu aangalie katuni. Akanyamaza. Nililala na aibu usiku ule, na kesho yake, saa ile ile, akaanza tena.

Ilinichukua miezi kuelewa kwamba kofi na simu vilikosea mahali pamoja. Ndani ya kila hasira ya mtoto mdogo kuna vitu viwili vilivyofungwa pamoja: kilio chenyewe, na kile kinacholiliwa. Kilio hakimo mikononi mwa mtoto, kimemzidi nguvu. Kinacholiliwa kimo mikononi mwetu wakubwa. Sisi wengi tunaviendea kinyume. Tunamwadhibu kwa kilio, halafu tunakilipa kilio hicho hicho kwa pipi, kwa simu, kwa soda. Mtoto anabaki na maumivu ya kofi na faida ya kulia, vyote kwa mpigo, na hapo hata mtu mzima angechanganyikiwa.

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo watu huzitumia kupigana vijembe katika jambo hili. Wanaotaka fimbo husema "mchelea mwana kulia hulia yeye." Wanaotaka amani ya haraka husema "mtoto akililia wembe mpe." Ukiisoma ya kwanza taratibu, utaona haikutaja fimbo hata kidogo. Inasema usikiogope kilio. Na anayemchapa mtoto ili anyamaze anakiogopa kilio sawasawa na yule anayempa simu ili anyamaze. Wote wawili wanachotafuta ni ukimya.

Kichwani mwake kuna nini

Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayotuwezesha kujizuia: kumeza tusi lililofika ulimini, kusubiri zamu kwenye foleni, kuacha kinachotamaniwa kwa sababu si chetu. Sehemu hiyo ndiyo ya mwisho kukomaa, na huendelea kujengeka mpaka mtu anapokaribia miaka 25. Zile za ndani zinazowasha hofu na hasira, kwa upande mwingine, zinafanya kazi mapema kabisa. Kwa hiyo mtoto wa miaka 2 au 3 ana moto wa mtu mzima na maji ya kikombe kimoja. Unapomwambia "tulia!" katikati ya mlipuko, unamwagiza kutumia kiungo ambacho bado kinajengwa.

Lugha nayo ina mchango wake. Katika umri huo mtoto anaelewa maneno mengi kuliko anayoweza kuyatamka. Anajua vizuri anachotaka, ila hana sentensi ya kukidai wala ya kulalamika. Mwili ndio unaosema badala yake. Ndiyo sababu hasira hizi huanza mtoto anapokaribia au kupita mwaka mmoja, hupamba moto kati ya miaka 2 na 3, kisha hupungua kadiri maneno yanavyoongezeka, na wengi huwa wametulia sana wakifika miaka 4 au 5. Si kiburi, wala hajarithi ukali wa babu yake. Ukimwona mtoto wa miaka 2 asiyewahi kuchachamaa hata siku moja, huyo ndiye ningemtazama mara mbili.

Kuna utafiti mmoja ulionisaidia kuliko mawaidha mengi. Mwaka 2003, Michael Potegal na Richard Davidson wa Marekani walichapisha uchambuzi wa mamia ya milipuko ya watoto wadogo iliyoelezwa na wazazi wao, hatua kwa hatua. Waligundua kwamba ndani ya mlipuko mmoja kuna hisia mbili. Hasira, yaani mayowe, mateke na kurusha vitu, hupanda haraka mwanzoni kisha hushuka. Huzuni, yaani kulia na kutafuta kubebwa, inaendelea na kubaki hadi mwisho. Milipuko mingi ilikuwa imeisha ndani ya dakika 5.

Maana yake kwa mzazi ni kubwa. Maelezo unayoyamwaga wakati wa mateke hayaingii popote, na kila swali unalomuuliza ("Unalia nini? Nimekuuliza, unalia nini?") ni kuni kwenye jiko. Subiri. Sauti itabadilika, utaisikia ikitoka kwenye ukali na kuwa ya huruma, na mara nyingi mtoto mwenyewe atakufuata au atakutazama. Hapo hasira imekwisha na imebaki huzuni. Hapo ndipo pa kumkumbatia na kusema maneno mawili matatu.

Kabla ya kumtafuta shetani, tafuta usingizi

Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ya maisha ya jiji hili. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa mwaka 1 hadi 2 alale saa 11 hadi 14 katika kila saa 24, na wa miaka 3 na 4 alale saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo. Sasa hesabu ya Dar es Salaam. Gari la shule linapita kuchukua watoto wa chekechea kabla jua halijachomoza, ili liwahi kabla ya foleni. Mtoto anaamshwa saa 11 alfajiri. Jioni baba na mama wanarudi saa 2 au 3 usiku, mtoto anawasubiri, televisheni inaongea, chakula kinaliwa saa 3, analala saa 4. Hizo ni saa 7. Akisinzia garini wakati wa kurudi, amepata labda 8. Kila siku anadaiwa usingizi, na deni hilo hulipwa kwa hasira. Kisha tunasema shule imemharibu.

Miezi ya Desemba hadi Machi hali huwa mbaya zaidi. Joto la usiku, chumba kimoja chenye watu wanne, feni imezimika, mbu. Mtu mzima asiyelala vizuri anawagombeza wenzake kazini. Mtoto ana haki ya kuzidiwa zaidi yake.

Njaa ni ndugu wa usingizi. Tumbo dogo haliwezi kusubiri wali wa saa 3 usiku ikiwa mlo wa mwisho ulikuwa wa saa 7 mchana. Na kuna njaa iliyojificha. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 5 wana upungufu wa damu. Mtoto mwenye damu pungufu huchoka upesi, hupoteza hamu ya kula na huwa mwepesi wa kulia na kukasirika. Chai ya rangi tunayowapa watoto na chapati asubuhi huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, wakati chungwa au embe husaidia. Dagaa, maini, maharage na mboga za majani vipo sokoni kila siku. Mtoto akiwa mweupe viganjani, anakula udongo au analegea, ni wa kupimwa damu. Hilo haliponi kwa malezi.

Masikio pia. Mtoto aliyekuwa anatoa usaha sikioni mara kwa mara anaweza kuwa hasikii vizuri, na asiyesikia vizuri hachelewi kuonekana mkaidi: unamwita haji, unamkataza anaendelea, anashtuka unapomnyang'anya kitu kwa sababu hakusikia ulipomwonya.

Na kuna jambo linalowatia hofu kubwa wazazi, la mtoto kulia mpaka akakata pumzi, midomo ikabadilika rangi, akalegea au kupoteza fahamu kwa sekunde chache. Nimeona uani kwetu watu wakikimbilia kitunguu na maji ya baridi huku wakiita degedege. Kukata pumzi kwa kilio hutokea kwa watoto wadogo, hasa wa kati ya miezi 6 na miaka 6. Mtoto hafanyi kwa makusudi, na karibu wote huacha wenyewe wakikua. Mlaze ubavu, ondoa kitu kinachoweza kumwumiza, usimwingize chochote mdomoni. Ila ikitokea kwa mara ya kwanza mpeleke hospitali, kwa sababu degedege la kweli, hasa kukiwa na homa, ni dharura, na kwa sababu kukata pumzi kwa namna hii mara nyingi huambatana na upungufu wa madini ya chuma, ambao unatibika. Usimtikise kamwe.

Mwanangu alikutwa na upungufu mdogo wa damu. Alipewa dawa, na alibadilika kiasi. Kiasi tu. Iliyobaki ilikuwa kazi yetu.

Jinsi kilio kinavyofunzwa kuwa kirefu

Hapa ndipo penye kiini cha hasira za mara kwa mara, zile za kila siku zinazomfanya mama aogope kurudi nyumbani.

Mtazame mtoto dukani kwa Mangi. Anataka ubuyu. Unasema hapana. Analia dakika moja, watu wanatazama, unanunua. Kesho unaamua kuwa imara: hapana. Analia dakika moja, mbili, nne, anajitupa kwenye mchanga, unanunua. Unadhani umemfundisha kwamba hapana yako ni ngumu. Alichojifunza ni kwamba dakika moja haitoshi, zinatakiwa nne.

Mwanasaikolojia Gerald Patterson alitumia miaka mingi huko Oregon, Marekani, akichunguza mambo haya ndani ya nyumba za watu, na alichokiona ni kwamba mafunzo hayaendi upande mmoja. Mtoto analipwa kwa ubuyu. Mzazi naye analipwa kwa ukimya. Ule utulivu unaokujia mtoto akinyamaza ni malipo matamu mno, na kesho yake mkono unatangulia mfukoni kabla hujafikiri. Mnafundishana. Siku nyingine mnafundishana kwa upande wa pili: unapiga kelele, mtoto anaacha kwa dakika mbili, basi unajifunza kupiga kelele, na yeye anajifunza kwamba katika nyumba hii mwenye sauti kubwa ndiye anayesikilizwa.

Kibaya zaidi ni kutoa siku moja na kukataa siku nyingine. Mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha zamani, kwa panya na njiwa, kwamba tendo linalolipwa mara chache bila mpangilio ndilo linalochelewa kufa kuliko linalolipwa kila mara. Ndivyo ilivyo kwa mchezaji wa bahati nasibu: kushinda kwake mara moja moja ndiko kunakomrudisha. Mama anayesema hapana siku 4 na kukubali siku ya 5 amejenga kilio imara kuliko yule anayekubali kila siku.

Kwa hiyo ushauri ninaouamini kuliko wote ni huu: kama ni kitu cha kumpa, mpe alipoomba mara ya kwanza, kabla hajalia. Kama si cha kumpa, basi asikipate hata akilia mpaka majirani watoke. Hapana ziwe chache ili uzimudu. Chapati nzima au ya vipande? Muulize kabla ya kukata. Hilo si jambo la kugombania. Shati jekundu au la kijani? Achague. Simu wakati wa kula, kuchezea jiko la gesi, kumpiga mdogo wake: hapo hakuna mjadala.

Jiandae pia kwa jambo ambalo wengi hawaambiwi. Ukianza kukataa kwa kweli, kilio kitaongezeka kwanza. Mtu aliyezoea mlango unafunguka kwa kusukumwa kidogo, siku ukigoma haondoki, anausukuma kwa bega. Mtoto naye. Siku ya pili na ya tatu kwetu zilikuwa mbaya kuliko wiki zote zilizotangulia, na siku ya tatu usiku nilikuwa nimeshaishika simu mkononi nimpe. Wazazi wengi huachia hapo hapo, wakiamini njia haifanyi kazi, na kumbe wamemfundisha mtoto kiwango kipya. Sisi ilianza kupungua siku ya 6.

Mtoto mmoja, mikono mingi

Vitabu vya malezi vinavyotufikia huandikwa kana kwamba mtoto analelewa na mama na baba ndani ya nyumba yenye mlango unaofungwa. Kwetu mtoto ana dada wa nyumbani, bibi, mjomba anayelala sebuleni, mama mwenye nyumba, na majirani. Ni neema, na singependa kuipoteza. Lakini hapana ya mmoja ikiwa ndiyo ya mwingine, lile jambo la bahati nasibu linakuwa ndani ya ua.

Nilianza na dada, maana yeye ndiye anayeshinda na mtoto. Nilimwambia, "Dada, akililia simu mwache alie. Sitakuuliza." Akanitazama kwa muda. "Kweli mama? Mimi huwa namwachia kwa sababu nikimwacha alie watasema namtesa." Sikuwa nimewahi kulifikiria. Binti wa miaka 19, mbali na kwao, analea mtoto wa watu. Kila kilio ni ushahidi dhidi yake. Tulienda pamoja kwa mama mwenye nyumba, nikaeleza mbele ya dada kwamba mtoto akilia wiki hizi ni kwa agizo langu. Siku ile dada alipumua.

Baba ana mzigo wake. Anafika saa 2 usiku akitoka Kariakoo, amesimama kwenye basi la mwendokasi, na saa moja aliyobaki nayo na mwanawe hataki iishe kwa kilio. Pipi ya mfukoni ni njia yake ya kusema nilikukumbuka. Hatukumnyang'anya pipi, tuliihamisha. Anaitoa anapoingia mlangoni, mtoto akiwa mtulivu, na hairudi tena mtoto akianza kulia.

Mama mkwe ni hadithi ndefu. Huwezi kumkosoa mbele ya mjukuu wake, na hupaswi. Nilimwamkia, nikakaa, nikasema, "Mama, mtoto amenishinda, naomba mnisaidie." Nilimwomba jambo moja tu: akilia, asipewe kitu cha kumnyamazisha, abebwe. Alicheka akasema, "Kubeba ndiyo kazi yangu." Bibi anayebembeleza kilio bila kulipa kinacholiliwa ni msaada usio na bei. Huko ndiko hasa tunakotaka kufika: kilio kipokelewe kwa upole, kinacholiliwa kisisogee.

Dakika zile tano

Chuchumaa, uso wako uwe chini kama wake. Sogeza jiko, glasi na kisu. Sema kidogo sana, kwa sauti ya chini kuliko yake: "Umekasirika. Ulitaka simu. Simu imekwisha leo. Nipo hapa." Kisha nyamaza. Kumtajia hisia kwa jina, kukasirika, kuhuzunika, kuogopa, kunampa neno ambalo siku moja atalitumia badala ya meno. Wangu alipofikisha miaka 3 na nusu alisema "nimekasilika sana" akiwa amekunja ngumi, na hakupiga mtu.

Akipiga au kung'ata, shika mikono yake kwa uthabiti bila kubana. "Sitakuacha unipige." Wengine hutaka kushikwa, wengine wakishikwa huwaka zaidi, utamjua wako. Kama wewe mwenyewe mikono imeanza kutetemeka, mwache mahali salama mbele ya mtu mwingine, toka nje, nawa uso. Mtoto hutulia kwa kuazima utulivu wa mkubwa aliye karibu, na usichonacho huwezi kukiazimisha.

Ndani ya daladala au sokoni, mtoe pembeni ikiwezekana, kinga uso wake na macho ya watu, na usiwaeleze abiria chochote. Wengi wao wamelea.

Katika simu nitaongeza neno. Mwongozo ule ule wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka 1 asikae mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Lakini zaidi ya muda, tatizo ni kuitumia kama dawa ya kilio. Mwaka 2022 Jenny Radesky na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wa miaka 3 hadi 5 kwa miezi kadhaa: wale waliozoea kutulizwa kwa simu au tableti walionekana kuwa wepesi zaidi wa kubadilika hisia ghafla na kulipuka baadaye, hasa wa kiume. Inaeleweka. Kutulia ni ujuzi, na anayetulizwa na mashine kila mara hapati nafasi ya kujifunza. Unapoizima, usitumie dakika. Mtoto hajui dakika tano ni nini. Tumia mwisho wa kitu: "katuni hii ikiisha, tunakwenda kuoga."

Na milipuko hupunguzwa zaidi na saa ambazo hakuna mlipuko. Dakika 10 kwa siku, mtoto akichagua mchezo, wewe ukifuata bila simu mkononi wala maelekezo. Zinatosha hata ukiwa unakaanga samaki huku yeye anapika kwenye kifuniko cha chupa. Ukimwona amesubiri, mwambie umeona.

Fimbo

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walipigwa ngumi, mateke au viboko na ndugu, watu wenye mamlaka au wapenzi wao kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa hiyo wengi wetu tunaosoma haya tumelelewa hivyo, na tunawapenda waliotulea. Siandiki kuwahukumu. Lakini swali la kama kuchapa kunapunguza hasira limejibiwa. Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya tafiti za miaka 50 zilizohusu watoto zaidi ya 160,000, wakaangalia kuchapwa kwa kawaida tu, kofi la mkono wazi, si kipigo. Waliochapwa zaidi walikuwa wakali zaidi na wakaidi zaidi, wala hawakuwa watiifu zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, nayo inakataza adhabu ya kikatili na adhabu isiyolingana na umri wa mtoto, hasa asiyeweza kuelewa anaadhibiwa kwa nini. Mtoto wa miaka 2 anayechapwa kwa kulia, kisha anaambiwa "ukiendelea kulia nakuongeza," ataelewa nini?

Vitisho navyo viachwe. Ukimwambia kila siku kwamba daktari atamchoma sindano au polisi atamchukua, siku akiumia hataki daktari, na siku akipotea Kariakoo atamkimbia polisi.

Lini si hasira za kawaida

Joan Luby na wenzake wa St. Louis, Marekani, mwaka 2008 walitaja dalili za kutazamwa kwa watoto wa umri wa chekechea: mtoto anajiumiza mwenyewe kwa kujing'ata au kujigonga karibu kila mara; anawashambulia watu au kuvunja vitu katika milipuko mingi; mlipuko unazidi dakika 25 kwa kawaida yake; inatokea zaidi ya mara 5 kwa siku kwa siku kadhaa; au hawezi kabisa kutulia bila msaada. Ningeongeza mtoto aliyekuwa na maneno akayapoteza, asiyekutazama wala kuitika jina, na yule ambaye milipuko inazidi baada ya miaka 5.

Na yule aliyebadilika ghafla. Alikuwa mpole, sasa anachachamaa akivuliwa nguo, au analia kila akiachwa na mtu fulani. Huyo huenda anasema jambo asilo na maneno yake. Msikilize kwanza, usimwulize mbele ya watu. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni ya bure, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa mengine anzia kliniki unakopeleka kadi yake. Watakupa rufaa ya Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili, ambako kuna wataalamu wa watoto na wa afya ya akili.

Usiende mikono mitupu. Andika kwenye daftari kwa wiki moja: saa ngapi, alilala saa ngapi jana, alikula nini mwisho, alitaka nini, nani alikuwepo, iliishaje. Mimi na dada tuliandika, yeye mchana, mimi jioni. Katika milipuko 11 ya wiki ile, 8 ilikuwa kati ya saa 12 na saa 1 jioni, na katika hiyo 8 hakuna hata siku moja aliyokuwa amekula chochote tangu saa 7 mchana. Niliisoma ile karatasi nimekaa kwenye kigoda uani, nikaona aibu, kisha nikamwita dada. Tangu siku hiyo anapewa uji saa 11 jioni, na ndizi kama ipo, kabla mtu yeyote hajafika nyumbani.